Chenso cc 58 imeua pistoni mbili ndani ya miezi miwili, fundi anataka kuitoboa ekzosi, nimruhusu?

Kijana wa Uru

Wakuu habari za majukumu. Mi niko Moshi huku Uru, nina chenso (msumeno wa injini) ya kichina cc 58, baa (kile chuma kirefu kinachobeba cheni) ya inchi 22, niliinunua mwaka jana mpya kwenye boksi. Kazi zangu ni za vihambani, watu wananiita kupunguza migrivelia iliyozidisha kivuli kwenye kahawa, kuangusha miparachichi iliyozeeka, na mara moja moja kupasua mbao palepale maana kulitoa gogo kihambani mpaka barabarani ni vita nyingine (mtu wa huku anaelewa, mfereji huku, migomba kule, kaburi la babu pale katikati).

Sasa mwezi wa sita tulipata kazi West Kili tukakaa wiki tano. Mashine kule ilikuwa inatoa moshi na inakabwa kabwa, nguvu hamna, fundi mmoja akaichezea kabureta dakika mbili tu ikawa tamu balaa, inakata kama siagi. Tukarudi Moshi, nikapata tenda Kahe ya jamaa anasafisha shamba. Siku ya tatu, saa nane mchana jua kali, nimeachia trota lakini mashine haishuki, inapiga resi yenyewe kama nyuki wamechokozwa, afu ikazima. Kuvuta kamba, inakuja yenyewe kama hamna kitu ndani.

Fundi akafungua akasema pistoni na silinda kwisha, nikatoa elfu 55 ya kiti nzima (seti ya pistoni na silinda) na ufundi juu. Ikafanya kazi wiki mbili na siku kadhaa, nikiwa Kibosho kwenye mkaratusi ikafa hivyohivyo. Sasa hivi fundi anasema mashine "haipumui", anataka kutoboa ekzosi iwe wazi, atoe na gasketi ya chini ya silinda ili kompresheni ipande, alaf niwe naweka oil mara mbili ya ninayoweka. Anasema amewafanyia wengi na zinakata kuliko zile kubwa za Mzungu.

Naombeni ushauri, nimruhusu au ananipiga? Na hiyo oil mara mbili ina ukweli? Hela ya pistoni ya tatu ninayo lakini nikiiua na hii mke atanihamishia bandani.

---

Chalii wa Ngarenaro

Aisee kabla hujatoboa chochote sema unachanganyaje mafuta. Nusu ya hizi mashine zinazokufa Arusha hapa zimeuliwa na mtu aliyekadiria oil kwa jicho.

---

Kijana wa Uru

Chupa ya maji ya lita moja na nusu, petroli mpaka shingoni, oil vifuniko vitatu vinne hivi. Oil ya tu-stroki ile ya kwenye kichupa, sio ya gari.

---

Chalii wa Ngarenaro

Vifuniko vitatu vinne hivi 😂😂 mwanangu hapo jibu umeshalipata. Ongeza oil bwana, fundi yuko sahihi kwenye hilo. Mi naweka oil mpaka petroli inabadilika rangi kabisa na mashine yangu ina miaka minne.

---

Mama Mashine

Chalii usimpotoshe mwenzio. Mimi ni mwenye mashine, sikati mwenyewe, ninazo tatu nawapa vijana wanaenda nazo kazini na tunagawana, kwa hiyo nimelipia makosa ya watu wengi kuliko nyie wote hapa. Ya kwanza iliuliwa na deiwaka aliyeishiwa mafuta akaenda sheli akajaza petroli kavu, hakuweka hata tone la oil, dakika kumi tu kwishnei. Ya pili nikasema sasa oil iwe nyingi, ikawa kila siku plagi imeloa, ekzosi imejaa masizi, na haina nguvu.

Siku hizi nachanganya mwenyewe nyumbani, mtu anaondoka na galoni lake limeandikwa kwa maka peni. Kipimo changu ni sirinji ya duka la dawa za mifugo, ile ya ml 20. Kijitabu cha mashine za kichina kinasema 25 kwa 1, maana yake lita moja ya petroli ni ml 40 za oil, sirinji mbili zilizojaa. Galoni la lita 5 ni ml 200, sirinji kumi. Hizo za Stihl na Husqvarna ukitumia oil yao wenyewe ni 50 kwa 1, yaani nusu ya hapo, lakini kwa cc 58 yako kaa kwenye sirinji mbili kwa lita uache mambo ya vifuniko. Halafu changanya kidogo, sio upange lita 20 zikae mwezi mzima stoo.

---

Meku Mstaafu

Vijana hamjambo. Nimesoma nikaona niseme maana hii kitu nimeiona miaka zaidi ya ishirini kwenye mashamba ya miti.

Kwanza hilo la oil mara mbili. Mnaweza kushangaa lakini ukizidisha oil, mashine inaweza kupata moto zaidi sio pungufu. Kile kitundu cha kabureta hakijui oil wala petroli, kinapitisha kiasi kilekile. Ukijaza oil nyingi humo, petroli inayofika ndani inakuwa kidogo ukilinganisha na hewa, na petroli kidogo ndo moto wenyewe. Kwa hiyo mama hapo juu kasema sawa, sirinji mbili basi.

Pili, na hili ndo kubwa kijana wangu, umebadilisha pistoni bila kuuliza ya kwanza ilikufa kwa nini. Hizo pistoni mbili mbovu unazo? Usizitupe. Zichukue uzisome. Angalia mikwaruzo iko upande gani. Ikiwa upande unaoelekea kwenye ekzosi ndo umechubuka na upande wa kabureta umebaki safi, hiyo ni joto, mashine ilikuwa inakula hewa nyingi kuliko petroli. Ikiwa ni upande wa kabureta, hilo ni vumbi, chujio la hewa limetoboka au halikai vizuri, na kule Kahe vumbi lipo la kutosha. Ikichubuka kuzunguka pande zote mara nyingi ni petroli kavu kama ya yule deiwaka. Tuletee jibu afu tuendelee.

Na hiyo ya kuachia trota ikagoma kushuka, mimi kabla hata ya kuona pistoni nashuku kuna mahali inavuta hewa ya wizi, yaani isiyopitia kwenye kabureta.

---

Kijana wa Uru

Shikamoo meku. Zote ninazo, moja dogo alikuwa anachezea nimemnyang'anya sasa hivi. Zote mbili zimechubuka upande wa ekzosi, upande wa pili bado zinang'aa na zile alama za kiwandani zinaonekana. Picha zinagoma kupanda.

---

Meku Mstaafu

Marahaba. Basi vumbi tumelitoa kwenye kesi. Imebaki kabureta kukazwa ikabana petroli, au hewa ya wizi, au zote mbili.

---

Siha Juu

Mi nadhani namjua mchawi. Nafanya kazi hukuhuku West Kili na hii nimeiona mara nyingi kwa vijana wanaokuja na mashine kutoka chini. Huku mashamba ya miti yako juu ya mita 1,500, sehemu nyingine juu zaidi. Ukipanda kila mita 1,000 hewa inapungua karibu asilimia kumi. Kwa hiyo mashine iliyosetiwa Moshi ukiileta huku petroli inazidi hewa, inatoa moshi, inakabwa, kama alivyosema mwenyewe. Fundi wa huku akafunga kidogo skruu ya H (ile ya kabureta inayopima petroli ya resi kubwa), ikakaa sawa na hewa ya huku. Sawa kabisa, hakukosea. Kosa ni kwamba ukaishusha hivyohivyo mpaka Kahe, tambarare, mita 700 na kitu, hewa nzito, petroli bado imefungwa kwa kipimo cha mlimani. Lazima ingechemka.

Sisi ukishuka unafungua, ukipanda unafunga. Ni kama unavyovaa na kuvua sweta.

---

Chalii wa Ngarenaro

Hii ya mlima ni stori za vijiweni. Pikipiki yangu naenda nayo Monduli Juu narudi mjini kila wiki sijawahi kugusa kabureta.

---

Siha Juu

Pikipiki yako ni foo stroki ina oil yake chini kwenye injini, ikikosa petroli kidogo itakohoa tu utaenda. Chenso oil yake inakuja na petroli, ukipunguza petroli umepunguza na oil hapohapo, na inazunguka kwa resi kubwa kwenye gogo muda wote. Ni vitu viwili tofauti chalii.

---

Chalii wa Ngarenaro

Hapo umenipata. Naketi.

---

Meku Mstaafu

Siha Juu amesema vizuri na naamini pistoni ya kwanza iliuliwa na hilo. Lakini mnajiuliza ya pili? Fundi wa Moshi si aliseti upya alipofunga kiti mpya? Na bado ikafa, tena Kibosho ambako ni juu kidogo ya mjini sio chini. Ndo maana narudi kwenye hewa ya wizi. Mashine ikishachemka vibaya mara moja, vile vipande vya plastiki na mipira vinapinda au kupasuka, na sili za krenki zinakauka.

Namna ya kuijua bila mitambo. Toa kabureta, toa ekzosi. Kata mpira wa tyubu ya baiskeli, weka kipande kimoja pale ekzosi inapokaa ukibane na bolti zake, kingine pale kabureta inapokaa, hakikisha kile kitundu kidogo cha kupeleka msukumo kwenye kabureta nacho kimezibwa. Pistoni iwe chini kabisa. Chukua plagi iliyokufa, ipasue ule udongo wake mweupe uutoe, fundi wa kuchomelea akushikizie valvu ya baiskeli, funga pale pa plagi. Kisha pampu ya baiskeli. Lakini taratibu! Isizidi nusu ba, kwenye geji ni kama 7 psi, ukipampu kama tairi utazitoa sili zenyewe. Halafu pakaza povu la sabuni kwa brashi, kwenye kile kipande kinachounganisha kabureta na silinda, chini ya silinda pale penye gasketi, na kwenye sili mbili, moja iko nyuma ya klachi nyingine nyuma ya flaiwili. Panapotoa mapovu ndipo mwizi alipo. Ukimaliza, upepo ule ukae kama dakika nzima bila kushuka.

Wengine wanapuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta wakati mashine inaunguruma wanasikiliza kama mlio unabadilika. Inafanya kazi lakini una ekzosi ya moto pembeni, mimi sishauri.

---

Kijana wa Uru

Meku shukrani sana, kesho naifanya. Na ile habari ya kutoboa ekzosi je?

---

Duma wa Njiro

Hapo kwenye kutoboa nipisheni nijibu mimi maana nimezichezea nyingi, na napenda kuchezea.

Kutoboa ekzosi kunaongeza nguvu kweli, siwezi kudanganya, hasa hizi ambazo ndani ya ekzosi kuna ukuta umeziba nusu ya njia. Ila ukitoboa umeongeza hewa inayopita, kwa hiyo lazima ufungue H iongezeke petroli. Fundi anayetoboa halafu anakurudishia bila kuseti kabureta anakuandalia pistoni ya tatu. Kwenye mashine ambayo tayari inachemka kutoboa ni kumpa mgonjwa wa presha konyagi.

Halafu kuna kile kiwavu cha kuzuia cheche, wengi wakitoboa wanakitupa. Kiangazi kwenye nyasi kavu usijaribu. Mlima uliwaka Oktoba 2020 wiki nzima na zaidi tukiuangalia kwa macho, sitaki hata kusikia cheche.

Kutoa gasketi ya chini ya silinda ndo hatari zaidi kwa hizi za bei rahisi maana hazifanani, moja ina nafasi kubwa juu ya pistoni nyingine hamna. Kabla ya kutoa unapima. Chukua ule waya laini wa risasi wa mafundi redio, upitishe kwenye tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda, zungusha kwa mkono pistoni iubane, utoe upime ulipobanwa. Ukikuta chini ya milimita 0.5 ukiwa na gasketi, ukiitoa pistoni itabusu silinda. Fundi wako alipima? Kama hakupima basi amekisia.

Sasa nikwambie kitu utakichukia. Kabla sijagusa injini ya mtu huwa naangalia cheni. Unanoaje?

---

Kijana wa Uru

Tupa ya mviringo, sijui saizi, aliniachia jamaa. Natumia kila asubuhi. Zile nundu za mbele ya jino sijawahi kugusa.

---

Duma wa Njiro

Hahaaa. Mwaka mzima hujagusa nundu? Jino limeshuka kwa tupa, nundu imebaki juu ilipokuwa, sasa nundu ndo inagusa mti na jino linapapasa. Halafu wewe unakandamiza, mashine inaungua, mnasema haina nguvu. Ukiona inatoa unga badala ya vipande ujue ni hilo.

Cheni ya mashine yako mara nyingi ni .325 (saizi ya viungo vya cheni kwa inchi), imeandikwa pembeni kwenye viungo au kwenye baa, tupa yake ni milimita 4.8. Cheni za 3/8 kubwa ni 5.2, na zile .404 za mashine kubwa kama Stihl 070 ni 5.5. Ukitumia tupa nene kwa cheni ndogo unaua pembe ya jino. Pembe ya kunoa ni nyuzi (digrii) 30 kwa kukata kawaida. Nundu iwe chini ya jino kama milimita 0.65, kipimo chake kinauzwa, ukikosa kaazime, usikisie, ukishusha sana cheni inadaka mti na kukurushia mashine usoni. Na kama unapasua mbao tafuta cheni ya pili uinoe nyuzi 10, ibaki ya kupasulia tu. Ile ya 30 ikipasua kufuata urefu wa gogo inakula mafuta na kuchosha injini bure. Na kusema ukweli cc 58 kupasua gogo la mkaratusi la futi kumi ni kumbebesha punda tofali za lori, pasua migrivelia basi, na kila ukimaliza mstari iache iungurume slo dakika moja kabla ya kuzima.

Pale Moshi si mna chuo cha viwanda vya misitu, FITI? Mambo ya kunoa misumeno ndo yao, nenda ukawaone, usione aibu.

---

Mama Mashine

Naongezea moja, oil ya kulainisha cheni. Vijana wangu walikuwa wanaomba oil chafu gereji ya bure, nikafurahi nimeokoa hela. Nikabadilisha pampu ya oil mbili na baa moja. Ile ina vyuma vya injini ya mtu mwingine ndani, na inakurukia mikononi na usoni siku nzima. Nunua hata ya bei ya chini lakini mpya.

Na kaka wa Uru, karatasi ya kibali cha kukata mti unaidai kwa mwenye mti kabla hujavuta kamba? Mimi vijana wangu hawashushi mashine kwenye bodaboda bila hiyo. Mashine ikikamatwa anayelia ni mwenye mashine, mwenye mti yuko ndani anakunywa chai.

---

Kijana wa Uru

Jamani nimerudi. Meku Mungu akubariki. Nimefanya ile ya tyubu ya baiskeli, fundi wa kuchomelea alinicheka nilipompelekea plagi iliyopasuliwa. Nikapaka povu la Omo. Sili zote kimya. Chini ya silinda kimya. Kufika kwenye kile kipande cha plastiki kinachobeba kabureta, mapovu yanachemka kama mbege! Kimepasuka kwa chini, mahali ambapo bila kukitoa huwezi kuona, na gasketi yake imekatika kipande. Kiti ya pistoni haikuja na hiyo, kwa hiyo fundi alirudisha ileile mara zote mbili.

Nimepata kipya Mbuyuni, elfu sita tu. Elfu sita wakuu, na nimeua pistoni ya elfu hamsini na tano. Ekzosi sijaitoboa. Fundi nimemwonyesha amenyamaza afu akasema "ndo hivyo hizi za kichina".

Pistoni mpya naifunga Jumamosi. Swali la mwisho, hapa Moshi H nifungue kiasi gani?

---

Siha Juu

Anza zote mbili, H na L (hiyo ya petroli ya resi ya chini), funga taratibu mpaka zikae bila kukaza, alaf fungua mzunguko mmoja mmoja. Iwashe ipate moto. Seti slo mpaka cheni isizunguke ukiachia. Halafu bonyeza trota mpaka mwisho ikiwa hewani sekunde mbili tu usisikilize zaidi ya hapo, iwe na kigugumizi, brrr brrr, sio mlio mwembamba wa kulia. Ukiizamisha kwenye gogo kigugumizi kipotee. Kama hewani haina kigugumizi, fungua H kidogo kidogo mpaka kije. Tanki mbili tatu za kwanza usiikandamize, kata matawi tu.

Na ukipata kazi tena huku West Kili nitafute, ukifika tunafunga, siku ya kushuka tunafungua kabla hujapanda gari.

---

Chalii wa Ngarenaro

Mi mwenzenu nimeenda kununua sirinji. Muuzaji kaniuliza ng'ombe ana nini.